Maharage Katika Koti la Mama

Koplo alikuwa amefika mia moja na sabini na nane alipopiga chafya, akapoteza hesabu, akarudi mwanzo wa mstari huku akiyalaani maharage na ukoo wao wote.

"Usitukane mashahidi," alisema Inspekta Sindano kutoka upande wa pili wa shamba. "Hesabu."

Jina la Sindano alipewa tangu chuo cha polisi. Wengine walisema ni kwa ajili ya wembamba wake, maana mama huyo akisimama kiubavu unaweza kudhani ameshaondoka. Wengine, hasa waliowahi kuhojiwa naye, walisema ni kwa sababu swali lake ukilipata leo, kesho bado unapapasa mahali lilipoingia.

Ukingoni mwa shamba, chini ya mwavuli wa kutosha familia nzima, alisimama Mkuu wa kituo cha utafiti wa mbegu. Alikuwa ameitazama saa yake mara nyingi mpaka saa yenyewe ilionekana kuona haya. Kwa maoni yake kesi hii ilikwisha zamani. Mtafiti wake mmoja, ambaye kituo kizima kilimwita Bi Mbegu, alikuwa ametumia miaka kuzalisha haragwe lisiloshikwa na kutu, ule ugonjwa unaojaza majani madoa mpaka shamba linafanana na bati bovu. Haragwe lake lilikuwa jeusi, lenye maua ya zambarau. Mfuko mmoja wa mbegu hizo uliletwa kwenye shamba hili la wakaguzi, nje ya mji, zipimwe kabla hazijaruhusiwa kwenda kwa wakulima. Sharti la kwanza la wakaguzi ni jepesi kuelewa: mimea yote ifanane. Sasa maua yalikuwa yamefunguka, na katikati ya zambarau yalichomoza meupe, hapa na pale, kama meno katika kicheko.

Siku ileile meupe yalipoonekana, Mkuu alimfungia Bi Mbegu milango ya kituo na mashamba yake yote, akaandikia polisi kwamba mama huyo ameuza mbegu halisi na kujaza mfuko takataka. Kamati ingekaa alasiri ya leo. Sindano akithibitisha, Bi Mbegu angefukuzwa kazi na kufikishwa mahakamani, na haragwe lake lingefutwa lisipandwe tena popote.

"Inspekta, meupe yapo au hayapo?" aliuliza Mkuu.

"Yapo."

"Sasa tunahesabu nini?"

"Tunahesabu yapo kiasi gani. Mtu anayechanganya mbegu kwa kuibia huchanganya ovyo, Mkuu. Nataka kuona kama huu ni ovyo."

Koplo alimaliza akiwa ameshika kiuno. Kwa mistari yao wote wawili, mimea ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Ya zambarau mia tatu na saba. Meupe mia moja na tano. Sindano aliziangalia tarakimu kwenye kiganja chake, alikoziandika kwa kalamu, kisha akainua macho na kuyaweka kwenye mfuko wa shati la Koplo, ambako ua la zambarau lilikuwa limechomekwa kama la bwana harusi.

Alimuuliza kwa upole kama ndiyo kawaida yake kuchuma vielelezo na kujipamba navyo. Koplo alijitetea kwamba ua hilo hakulichuma hapa. Alilichuma asubuhi kule kituoni, walipokwenda kumchukua Mkuu, yeye akazunguka nyuma ya gereji kwa shida zake binafsi na kukuta maharage yameota kwenye majani. Aliona ua zuri, akalichukua. Sindano alimwambia alitoe shatini, na aoshe mikono. Kisha akaomba aletewe mfuko.

Ulikuwa mfuko mdogo wa kitambaa, wa ukubwa wa mkate, ambao ndani yake zilibaki mbegu zisizopandwa. Wakaguzi waliuhifadhi kama ulivyo. Sindano aliugeuza huku na huku. Katika kituo kile kila kitu kilikuwa na vumbi, kuanzia mizani hadi Mkuu mwenyewe, lakini mfuko huu ulikuwa mweupe pe, na kwenye pindo ulikuwa na vijidoa vya buluu.

"Afande, huu ni msafi kuliko sare yangu," alisema Koplo.

"Hilo si jambo gumu," alijibu Sindano, akaunusa mfuko mara mbili.

Mkuu, alipoona pingu hazitoki, alitoa mshukiwa wa akiba. Alikuwa amemleta garini mtunza ghala, mzee mfupi aliyeitwa Babu Kufuli kwa jinsi funguo zilivyomlia kiunoni. Ukimsikia unadhani punda wa harusi anapita. Mkuu alieleza kwamba amepata habari za uhakika: nyumbani kwa mzee huyu kuna bustani ya maharage, na maua yake ni meupe. Alisema neno "meupe" kama mtu anayefunua maiti.

Babu Kufuli hakubisha. Ndiyo, anayo, na yana maua meupe, na mkewe anayapenda hayo tu kwa sababu hayabadilishi rangi ya mchuzi. Ndiyo, mfuko ulitoka ghalani mwake, akauweka yeye mwenyewe mikononi mwa dereva wa kituo, yule kijana waliyemwita Breki kwa kuwa hakuwa nazo. Na mfuko ukafika kwa wakaguzi kesho yake asubuhi, kwa sababu dereva alisema alipata pancha njiani.

"Babu," aliuliza Sindano, "hayo ya kwako, ukiyamenya, mbegu zake zina rangi gani?"

"Nyeupe, mwanangu. Maua meupe, maharage meupe. Sijaona mengine."

Sindano alikunjua mtandio wake juu ya boneti la gari, akamimina mbegu zilizobaki mfukoni. Zilitawanyika zikiwa nyeusi, zinang'aa, na Koplo alizipekua moja moja kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Hakupata hata moja nyeupe.

"Basi aliyechanganya hakuchanganya maharage ya Babu," alisema Sindano, "wala meupe mengine yoyote. Wakaguzi wangeyaona kabla ya kupanda, hata wangekuwa wamefumba jicho moja. Mbegu zote ziliingia ardhini nyeusi. Babu, pole kwa usumbufu, nenda kapumzike kivulini."

Mkuu aliuliza, kwa sauti iliyopungua kidogo, kama Inspekta anataka kumwambia kwamba maharage meusi yamezaa maua meupe kwa uchawi.

"Uchawi haunihusu, sina fomu yake," alisema Sindano. "Nakwenda kumuuliza anayejua."

*

Bi Mbegu aliwapokea kwake akiwa na kisu mkononi, jambo lililomfanya Koplo asimame mbali, lakini alikuwa anakata vitunguu tu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye macho ya mtu aliyezoea kutazama vitu vidogo. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vichache vilivyozunguka ua wa saruji. Upande mmoja palikuwa na karo la kufulia, upande mwingine kijibustani kitupu kilichozungushiwa chandarua chakavu. Mumewe, mwalimu, alikuwa shuleni.

Sindano hakuzunguka. Alimwambia kwamba kamati inakaa alasiri na kwamba Mkuu anataka aende huko na pingu. Bi Mbegu alisema anajua, na kwamba alichokuwa anakiomba tangu alipofungiwa milango ni kitu kimoja, aruhusiwe kuliona shamba. Walichomwambia ni kwamba meupe yametokea tu. Hakuna aliyekubali kumwambia ni mangapi, kana kwamba ni siri ya serikali.

Sindano alimwonyesha kiganja.

Bi Mbegu aliweka kisu chini. Alikisoma kile kiganja mara mbili, akakishika kwa mikono yake yenye vitunguu akakisogeza karibu na uso, halafu akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka Koplo akamwangalia Inspekta kuuliza kama waite daktari.

"Moja ya nne," alisema Bi Mbegu. "Dada yangu, hii ni moja ya nne."

"Nimeona. Niambie maana yake, na unieleze kama unamweleza huyu koplo."

"Mimi nimesoma," alisema Koplo.

"Basi kama unamweleza koplo aliyesoma."

Aliwaeleza akiwa amekaa kwenye kigoda, mikono ikifanya kazi hewani. Haragwe jeusi likiwa safi, ua lake hujiozesha lenyewe kabla halijafunguka, kwa hiyo kizazi hadi kizazi hutoa zambarau tupu. Jeupe likiwa safi, vivyo hivyo, hutoa meupe tupu. Lakini ukilifungua ua changa kwa mkono, ukaling'oa chavua yake na kulipaka ya mwenzake, umewaozesha wawili hao. Watoto wao wote hutoka na maua ya zambarau. Si zambarau iliyopauka, ni zambarau hasa, huwezi kuwatofautisha na mzazi mweusi hata ukivaa miwani miwili. Weupe haujafa. Umekaa kimya ndani. Watoto hao wakijiozesha wenyewe, wajukuu wanapozaliwa, katika kila wanne mmoja, kwa wastani, weupe hujitokeza tena kama vile haukuwahi kwenda popote.

"Na rangi ya mbegu?" aliuliza Sindano. "Mfukoni zilikuwa nyeusi zote. Hao wajukuu weupe walipitaje?"

"Hapo ndipo watu huanguka," alisema Bi Mbegu, na sasa alikuwa na raha kabisa, kama mtu aliyesahau kwamba anashtakiwa. "Ganda la haragwe halishonwi na mtoto. Linashonwa na mama. Mjukuu ana weupe ndani, lakini amezaliwa kwenye mmea wa zambarau, kwa hiyo amevaa koti la mama yake, jeusi. Huwezi kumjua mpaka umpande atoe ua."

Koplo alisema hiyo ni sawasawa na mwanawe, aliyevaa sare ya shule kila siku lakini matokeo yalipotoka ndipo ukweli ukajulikana.

"Kwa hiyo," alisema Sindano, "hakuna aliyechanganya kitu. Mfuko mzima ulibadilishwa. Zikawekwa mbegu zilizovunwa kutoka kwa hao chotara."

"Mfuko mzima. Ingekuwa nusu tu, meupe yangepungua nusu."

"Nani ana mbegu za chotara wa namna hiyo?"

Bi Mbegu alijifuta mikono kwenye kanga. Hakuangalia pembeni.

"Mimi," alisema. "Peke yangu. Niliwapanda pale." Alionyesha kijibustani chenye chandarua. Kituoni hapakuwa na nafasi, na yeye alitaka siku moja apate haragwe jeupe lisilo na kutu, kwa ajili ya watu kama mke wa Babu Kufuli. Mavuno aliyaweka jikoni, kwenye debe la bati, juu ya kabati.

Koplo aligusa pingu kiunoni, akamtazama afande wake kwa masikitiko, maana mama huyu alikuwa amejifungia mlango mwenyewe na kumkabidhi ufunguo.

"Ziache hizo," alisema Sindano bila kugeuka. "Fikiri. Dunia nzima ina mtu mmoja anayejua kwamba debe lile lingetoa meupe mbele ya wakaguzi. Mtu huyo angetaka kudanganya, angechukua mbegu yoyote nyeusi sokoni kabla ya kugusa hilo debe. Aliyelichukua hakujua. Aliona maharage meusi kazini, akaona maharage meusi jikoni, akadhani ni yaleyale. Bi Mbegu, debe lilipungua lini?"

Alifikiri. Msimu wa kupanda, alisema. Alilikuta limebaki chini kidogo tu, akaamua mumewe ameyapika majaribio yake. Mumewe aliapa hakuyagusa. Walinuniana kwa muda mrefu sana.

"Nimemnunia bure mume wa watu," alisema polepole.

"Na nani mwingine anaingia jikoni humu?"

Swali hilo lilijibiwa na honi. Gari la kituo lilisimama nje kwa mlio wa tairi, mlango ukabamizwa, na kijana mmoja akaingia uani akiimba, akielekea moja kwa moja kwenye sufuria. Chumba cha uani, kile chenye pazia la kijani, kilikuwa chake. Alikuwa mdogo wa mume wa Bi Mbegu. Kazi ya udereva kituoni alitafutiwa na Bi Mbegu.

"Shemeji, kuna nini leo?" aliuliza Breki, kisha akaziona sare, na wimbo ukaishia hapo.

*

Sindano alimkaribisha kama nyumba ni yake. Alimuuliza habari za gari, za barabara, za pancha. Breki alisema pancha ilikuwa mbaya sana. Sindano aliuliza ni tairi gani. La mbele kushoto, alisema. Koplo, aliyekwisha kutoka na kurudi, alisema tairi hilo halina kiraka. Zote nne ni kuukuu na hazina kiraka hata kimoja. Breki alisema labda ni la nyuma.

"Labda," alikubali Sindano. Alisogea kwenye karo, akachovya kidole kwenye kikopo cha sabuni ya unga, akakionyesha juani. Punje za buluu. Kisha akautoa ule mfuko wa kitambaa, akautandaza juu ya saruji iliyokuwa imepata moto tangu asubuhi, akauacha hapo. Aliomba maji ya kunywa. Alikunywa polepole.

"Njoo unuse," alimwambia Breki.

"Afande?"

"Nusa tu. Pua ni yako."

Breki aliinama, akainuka haraka.

"Unasikia harufu gani?"

"Sabuni."

"Na chini ya sabuni?"

Kijana alimtazama shemeji yake. Bi Mbegu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kisu mkononi tena, na kitunguu kilikuwa kimeshamaliza kazi yake machoni, au si kitunguu.

"Jua limeyaamsha mafuta ya taa," alisema Sindano. "Yanakaa kwenye nyuzi, ufue utakavyofua. Leo alasiri shemeji yako anapelekwa kwenye kamati, na kutoka huko kwenye gari letu. Kama una neno, hapa ndipo mahali pake. Kule mbele litakuwa limechelewa."

Neno lilitoka, na lilipotoka lilikuja na mengine yote nyuma yake. Siku ile gari lilikuwa limebeba dumu la mafuta ya taa, mzigo ambao haukutakiwa kuwemo. Aliliweka juu ya mfuko. Kifuniko kikalegea njiani, harufu ikamfanya ageuze gari. Alipofungua mlango wa nyuma kwenye gereji ya kituo, nusu ya mfuko ilikuwa imelowa na maharage yananuka kama taa. Aliyamwaga nyuma ya gereji, akaja nyumbani, akafua mfuko, akaukausha juu ya injini. Halafu akakumbuka debe la jikoni.

"Ni yaleyale, shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kuungwa mkono. "Meusi yako, ya mkono wako mwenyewe. Niliona nimerudisha kitu kilekile. Sikukudhulumu hata punje."

"Na meupe yalipotoka? Waliponifungia mlango?"

Alisema aliogopa. Sindano aliuliza aliogopa nini, dumu la mafuta ndiyo nini, hata kama ni mzigo wa magendo. Breki alisema dumu halikuwa lake, na kwamba mwenye dumu alimkataza kulitaja kwa mtu yeyote.

Sindano hakumuuliza mwenye dumu ni nani. Alikuwa anatazama mfuko wa shati la Koplo, ambao sasa ulikuwa mtupu.

"Koplo, asubuhi ulijisaidia wapi?"

*

Nyuma ya gereji majani yalifika magotini. Katikati ya matairi ya zamani na betri iliyokufa, maharage yalikuwa yametambaa na kupandana migongoni. Mengi yaliyomwagwa pale yaliungua kwa mafuta, ikabaki duara la ardhi nyeusi isiyoota kitu. Lakini yale ya nusu kavu yalishika, mvua ileile iliyonyesha kwenye shamba la wakaguzi ikayanyeshea, na sasa yalikuwa yamechanua.

Mkuu aliitwa. Alikuja na mwavuli wake na wajumbe wawili wa kamati waliokuwa wamefika mapema kwa ajili ya chai. Bi Mbegu aliruhusiwa kupita getini kwa mara ya kwanza tangu afungiwe, akapita bila kumtazama mlinzi, akapiga magoti kwenye uchafu akiwa na kanga yake ya nyumbani.

"Hesabu, Koplo," alisema Sindano.

"Tena?"

Ilikuwa mimea arobaini na mitatu, na maua yote yalikuwa ya zambarau. Koplo alirudia kwa hiari yake, akikwepa lile eneo alilolijua mwenyewe, na jibu halikubadilika.

Mjumbe mmoja aliuliza hilo linathibitisha nini, kwani hata chotara wana zambarau. Bi Mbegu alimjibu kutoka magotini. Ua moja halithibitishi kitu, alisema, ndiyo maana lazima mbegu zivunwe, zipandwe upya moja moja na kutazamwa. Lakini zingekuwa za kwenye debe, hapa pangekuwa na meupe kama kumi. Hakuna hata moja. Aligeuza jani, akalitazama chini, akalipitisha kwa wajumbe. Lilikuwa safi, halina doa la kutu, ingawa msimu ule kutu ilikuwa imejaa kwenye bustani za watu.

"Mfuko uliotoka ghalani ulikuwa halali," alisema Sindano. "Ulioharibika ni safari. Dereva ataandika maelezo yake. Yatataja mafuta ya taa, na yatataja dumu lilikuwa linapelekwa nyumba gani. Breki, unaweza kutuonyesha nyumba hiyo?"

Breki hakuinua mkono. Aligeuza macho tu, na macho yalipita juu ya vichwa vya wajumbe yakatua chini ya mwavuli. Mkuu alianza kusema kwamba jikoni kwake siku hiyo hapakuwa na nishati, na kwamba gari lilikuwa linaelekea huko hata hivyo. Wajumbe wawili walimsikiliza kwa makini sana. Baadaye mmoja wao alipendekeza kwamba kamati ikae kama ilivyopangwa, ila ajenda ibadilike.

Walipokwisha kuingia ndani, Koplo aliketi juu ya tairi akapepea uso kwa kofia. Bi Mbegu alibaki akinyoosha mashina yaliyolala, akiyaegemeza kwenye vijiti. Breki alisimama nyuma yake, mikono haijui iende wapi.

"Shemeji," alisema, "nifanye nini?"

Hakugeuka mara moja. Alifunga shina moja kwa uzi alioung'oa kwenye pindo la kanga.

"Mpaka yakauke kwenye maganda," alisema, "utakuja hapa kila asubuhi kuyamwagilia." Akafunga na la pili. "Kwa maji, shemeji."